Rili Iliyokataa Kuzunguka

Kila Ijumaa jioni kazi ya Raghad ilikuwa kupeleka birika la maji ya bomba uani. Babu yake, Mzee Nadhir, akirudi kuvua kwenye hori la Aija, hakuingia ndani mpaka aioshe rili yake, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Hori ni mkono wa bahari; maji yake yana chumvi, na chumvi hula chuma. Babu aliimwagia maji, akaifuta, akaitia tone la mafuta. Bibi Aliya hakuacha kumtania.

"Rili keshatawadha? Basi na wewe njoo tusali!"

Babu alitoka nayo Uvinza, alikokuwa akivua mtoni ujanani. Haikuwa na mashine wala breki, ni gurudumu tupu juu ya msumari wa katikati, jepesi kiasi kwamba maji yakivuta chelezo, yaani kiboya cha mshipi, nalo huzunguka. Maji ya hori yalipokupwa, babu alisimama karibu na daraja akakiachia chelezo kiende zake na mkondo. Breki ilikuwa kidole gumba chake.

Siku moja Raghad aliichukua bila ruhusa. Binamu yake Tamim alikuwa amemwambia kwamba hajui kuvua, naye akataka kumwonyesha. Akamwonyesha kweli: rili ilimponyoka ikatumbukia majini, ikajaa mchanga. Aliifutafuta kwa nguo yake, akakimbia nayo nyumbani. Kabla hajachota maji ya kuiosha, akasikia gari la babu mlangoni. Akaisukumiza ndani ya mfuko wa kuhifadhia rili, akanyamaza.

Kesho yake babu alikwenda kukaa kwa mwanawe anayeishi Mudhaibi. Aliporudi baada ya wiki kadhaa, rili ilikataa kuzunguka. Msumari wote ulikuwa kutu.

"Hivi niliiweka bila kuiosha?" babu alijiuliza. "Mbona sikumbuki?"

Raghad alikuwa amesimama pale pale. Akachukua birika, akaingia nalo ndani.

Tangu hapo mambo yakaharibika. Mama yake Raghad, Ghanima, alipopata habari aliingiwa na hofu.

"Baba, umeanza kusahau. Usiende tena darajani peke yako. Na gari bora uache, wallahi naogopa."

Babu alitoa ufunguo wa gari akauweka mezani. Hakubisha. Na yeye ndiye aliyekuwa mbishi kuliko wote nyumbani! Ghanima aliuchukua akautia mkobani. Siku hizo babu akiuliza leo ni siku gani, watu wanatazamana. Akitafuta miwani, watu wanatazamana. Raghad aliona haya hata kukaa naye sinia moja.

Ili kumliwaza, Ghanima aliwapeleka babu na Raghad dukani kwa Mahrous, mjini Sur, wachague rili nyingine.

"Shikamoo, mzee," Mahrous alisema, akaweka tatu mezani. Moja ilikuwa ya mashine, iliyofunikwa chumvi isiingie, nyingine ya rangi ya dhahabu, ya tatu nyeusi isiyo na mapambo.

Babu aliipiga kidole ile ya dhahabu. Ilizunguka huku ikiyumba. "Ya kupendeza macho tu," alisema. "Inacheza kwenye msumari. Chelezo kitakwenda kwa kushtuka, samaki wataondoka." Kisha akaizungusha nyeusi, akaisogeza sikioni kwa Raghad. Ilizunguka muda mrefu, kimya, ikapunguza mwendo kidogo kidogo hadi ikasimama.

"Umesikia? Haikwaruzi. Hii ndiyo rili."

Uso wake ulichangamka. Halafu akairudisha mezani taratibu.

"Lakini hii inataka mtu mwenye kukumbuka kuiosha. Mahrous, nipe hiyo ya mashine."

"Babu, hukusahau!" Raghad aliangua kilio. "Ni mimi! Niliichukua nikaiangusha horini, nikairudisha na chumvi yake!"

Mahrous aligeuka akaanza kupanga ndoana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Na nilipouweka ufunguo wangu mezani," babu aliuliza polepole, "wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Raghad alitamani ardhi ipasuke aingie. Ghanima naye aliinamisha kichwa, akatoa ufunguo mkobani.

"Nisamehe, baba. Nami nilikuhukumu kwa kutu tu."

Babu aliupokea. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Rili ni chuma, Raghad. Kikiharibika tunanunua kingine. Lakini umeniacha niishuku akili yangu mwenyewe, na wewe neno unalo mdomoni. Ungelisema siku ile, lingekuwa kosa dogo la mtoto. Umelificha, limekula kama chumvi ile ile. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajalipia."

"Nimekosa, babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mahrous, nifungie nyeusi."

Babu mwenyewe ndiye aliyeendesha gari kurudi nyumbani.

Ijumaa iliyofuata Raghad alingoja uani na birika, bado akiona haya kumtazama usoni. Babu aliingia, akamkabidhi rili ikiwa inachuruzika maji ya hori.

"Ioshe wewe."

Aliosha, akafuta, akaosha tena.

"Rili keshatawadha?" Bibi Aliya aliuliza kutoka ndani.

"Bado," babu alijibu. "Mwoshaji anarudia."