Mshenga Wangu Alijua, Akanyamaza

Nina umri wa miaka thelathini na sita, wasomaji wenzangu, na sijaoa. Majirani zangu hapa Nakuru husema mimi ni bahili, wengine husema nina mke niliyemficha Molo. Huwaacha waseme. Leo nimechoka kunyamaza, na nikishamaliza kusimulia mtajua kwa nini kunyamaza kunanichoma kuliko moto.

Nilizaliwa Molo, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla ya Uhuru. Baba alitutoka nikiwa mdogo, mama akatulea kwa viazi na maziwa. Nilipokuwa kijana, Samweli, mtu wa kijiji chetu aliyenitangulia mjini, alinitafutia kazi Nakuru. Yeye alikuwa nyapara wa kontrakta mmoja, mzee Singasinga mwenye karakana karibu na stesheni ya reli. Nilimheshimu Samweli kama kaka... hapana, kama baba!

Kazi yetu ilikuwa sakafu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini yale maghala ya zamani, ambayo masetla waliyajenga kuwekea ngano na pareto, yalikuwa yamechoka. Saruji ilikuwa imepasuka na kunyonya mafuta ya matrekta, na kila ukifagia inatoa vumbi jingine. Wenye maghala wapya walitaka sakafu ngumu isiyotafunwa na magurudumu, na dawa yake ilikuwa rangi ya epoksi. Huja kwa mikebe miwili, mmoja una rangi nzito kama asali, wa pili una dawa ya kuikaza. Ukishachanganya, usiende kuvuta sigara! Ndoo inapata moto yenyewe, na ukichelewa unabaki na jiwe.

Kwanza tulikwangua sakafu kwa patasi na brashi za waya, tukaiosha kwa asidi, tukangoja ikauke kabisa. Saruji ya zamani ikiwa na unyevu, rangi huvimba malengelenge na kubanduka. Kisha tulifunga madirisha na kuziba chini ya milango kwa magunia yaliyoloweshwa maji, kwa sababu ya ule upepo wa ziwa la magadi la Nakuru na vumbi lake jeupe. Humo ndani tulipiga magoti, tukapaka tukirudi kinyumenyume hadi mlangoni, huku dawa ikinuka kama zizi la punda. Glavu hatukuzijua. Jioni tulinawa mikono kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, tukaenda zetu nyumbani.

Niliipenda kazi ile. Ukifungua mlango baada ya siku kadhaa na kukuta ghala kuukuu limekuwa na sakafu ya kung'aa, moyo unajaa.

Na moyo wangu ulikuwa umejaa kwa sababu nyingine pia. Kulikuwa na msichana aliyeitwa Nyambura, yaya katika nyumba moja ya mtaa wa Milimani, na kwao kulikuwa Molo kama kwetu. Jumapili baada ya kanisa tulitembea pamoja. Alinitania kwamba suruali yangu ya kazi ina rangi nyingi hata inaweza kusimama peke yake na kwenda kazini bila mimi. Nilicheka sana siku zile. Sijui kama mmewahi kupenda mtu mpaka njia ya kurudi nyumbani ikawa fupi... Mimi nilipenda hivyo.

Kisha mikono yangu ikaanza kuwasha.

Kwanza ilikuwa wekundu katikati ya vidole. Baadaye ngozi ikapasuka, ikatoa majimaji, ikakauka magamba, ikapasuka tena. Nilimwonyesha Samweli. Akaniambia ni baridi, nipake mafuta ya mgando. Nilipomwambia nataka kwenda hospitali alinizuia, akasema wakiiona mikono ile watanipeleka kwa wenye ukoma na sitatoka huko. Niliogopa! Nani asingeogopa?

Maneno hayana miguu lakini hutembea. Mama mwenye nyumba alininunulia kikombe changu cha bati na kukiweka mbali na vingine. Kanisani benchi langu lilikuwa pana siku zote. Kwenye hoteli niliyozoea, mhudumu alisukuma sahani yangu kwa kijiti. Wenzangu wa kazi waliacha kunipa mkono, wakawa wananisalimu kwa kidevu, kwa mbali. Samweli akanipa kazi ya kulinda mlango wa ghala rangi inapokauka, mtu au paka asiikanyage. Nilikaa pale nje peke yangu kutwa, nikisikia wenzangu wakicheka upande wa pili wakinywa chai. Enyi wasomaji, mnajua mtu anaweza kutamani hata kusukumwa na mlevi, mradi tu aguswe?

Nyambura peke yake ndiye hakuogopa. Alinishika juu ya kifundo cha mkono, pale ngozi ilipokuwa nzima, akasema tuharakishe mambo ya wazazi kabla watu hawajaongea mengi. Kwa kuwa sikuwa na baba, nilimwomba Samweli awe mshenga wangu. Alikubali haraka. Nilimshukuru kwa machozi, mjinga mimi!

Kwetu kijana anayeposa hafungui mdomo siku ya mazungumzo. Anakaa, anainamisha kichwa, mshenga anasema yote. Ukisema neno umejiaibisha, umewaaibisha na waliokuleta. Basi tulikwenda Molo, tukaketi na wazee katika nyumba ya babake Nyambura, baridi ikiingia kwa mbao. Uji ukaletwa katika vibuyu. Mimi nilikishika changu kwa mikono iliyofungwa vitambaa.

Mazungumzo yalienda vizuri. Wazee walitania, Samweli akatania. Kisha babake Nyambura akaweka kibuyu chake chini.

"Samweli, wewe ndio unafanya kazi na huyu kijana kila siku," alisema. "Hii mikono yake iko na nini?"

Nikamtazama Samweli. Nilikuwa nimesikia yeye mwenyewe akisema ni baridi tu, kwa hiyo nilingoja aseme hivyo hivyo.

Samweli aliangalia uji wake.

"Mzee, mimi si daktari," alisema. "Hiyo siwezi jua."

Basi. Hakunitukana, hakunisingizia. Lakini mshenga akisema hajui ugonjwa wa kijana wake, wazee wanaelewa nini? Mzee alitikisa kichwa, akasema mambo hayo tuyaache kwanza. Nilitaka kusimama. Maneno yalifika kooni... nikayameza, nikainamisha kichwa kama desturi inavyotaka. Mamake Nyambura alikuja kukusanya vibuyu. Vyote alivibeba kwa mkono, isipokuwa changu. Hicho alikishika kwa kitambaa na kukiacha nje mlangoni.

Tulirudi Nakuru kwa lori la viazi. Samweli alikaa mbele na dereva, mimi nikakaa nyuma juu ya magunia. Njia nzima hakugeuka kunitazama.

Nyambura aliondolewa Milimani na wazazi wake wiki hiyohiyo. Mimi niliendelea na kazi, kwa maana nilikuwa na nini kingine? Mpaka siku moja, tukiwa ndani ya ghala, uso wangu ukavimba mpaka macho yakafumba. Dereva wa kontrakta ndiye aliyenipeleka hospitali, si Samweli. Daktari aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomweleza habari za ile mikebe miwili, alisema si ukoma, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Miili ya watu wengine huikataa ile dawa ya kukaza, na nikiiacha kazi nitapona. Kisha akanishika mikono yote miwili, bila glavu, akaigeuzageuza. Nililia pale mbele yake kama mtoto.

Nilikwenda moja kwa moja karakana kumpa Samweli habari njema! Nilidhani atafurahi. Hakushangaa hata kidogo. Nikamuuliza kama alijua.

"Yule fundi wa Nairobi aliyetufundisha kuchanganya aliniambia mapema," alisema. "Ningesema mbele ya wazee, ingefika kwa vijana wa kazi. Wangetoroka wote, na mimi ningefutwa. Wewe ungefanya nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliondoka, na sijarudi kwake mpaka leo.

Nilipata kazi ya kupakia magunia stesheni, na polepole mikono yangu ikapona, ikawa safi kama ya karani. Nikapanda Molo kuwaonyesha wazee. Babake Nyambura aliitazama mikono ile kwa muda mrefu, akanipa mkono wake, akaushika wangu sawasawa. Kisha akaniambia binti yake ameshaolewa, yuko Olenguruone. Alisema pole. Nilimwona ni mzee mwenye huzuni, nikakosa hata wa kumkasirikia.

Mwaka jana nilikutana na Nyambura sokoni Molo, mtoto mgongoni, mwingine amemshika sketi. Nilimweleza yote, ya rangi na ya Samweli. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Samweli sikumngojea," alisema. "Mimi nilikuwa jikoni kwa mama, nangoja sauti yako. Ungesema chochote. Hata ungesema unanitaka tu, ningetoka."

Nilimwambia ilikuwa desturi. Akasema anajua. Akamwinua yule mtoto, akaenda kununua vitunguu.

Ndugu zangu, mimi sipingi desturi za wazee. Lakini vijana mnaofanya kazi na madawa msiyoyajua, ulizeni ni nini mnachokishika, na mkiugua nendeni hospitali wenyewe, msikubali kutishwa. Na siku maisha yako yanapojadiliwa, nakusihi, usimwachie mtu mwingine mdomo wako. Kohoa, simama, sema! Watakuita kijana asiye na adabu, na watakuita hivyo ukiwa na mke wako ubavuni. Mimi kila mtu alinisifu kwa adabu yangu siku ile, na jioni hii nimepika chai ya mtu mmoja.