Rojo Lisilochemshwa

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, Chiriku alimsaidia mama yake jikoni. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Jumamosi hiyo bibi alikuwa anarudi kutoka hospitali. Alikuwa ameugua tumbo wiki tatu, akabaki mifupa na ngozi. Alitamani kitu kimoja tu: nyama ya nguruwe ya kuoka ya Kichina, ambayo mama alijifunza alipokuwa mpishi hotelini.

Tangu jana vipande virefu vya nyama vilikuwa vimelala kwenye friji, vimezama katika rojo la mchuzi wa soya, asali, kitunguu saumu na tangawizi. Sasa vilikuwa vimeiva katika oveni, vyekundu, vikinukia nyumba nzima. Mama alivikata, akavipanga kwenye sahani.

"Rojo lililobaki limekaa na nyama mbichi, lina vijidudu," alisema. "Lichemshe mpaka litokote vizuri, ndipo uipake nyama. Mimi nakwenda kumpokea bibi."

Lakini rafiki wa Chiriku alipita dirishani, na soga zikanoga. Mara mlango wa gari ukafungwa nje. Chiriku alishtuka. Rojo lilikuwa bado baridi! Alichovya brashi, akaipaka nyama harakaharaka.

"Ulilichemsha?" mama aliuliza akiingia.

"Ndiyo, mama."

Bibi aliketishwa mezani. "Daktari amesema tumbo hili halitastahimili pigo lingine," alisema. "Lakini chakula cha nyumbani hakina neno."

Chiriku aliitazama sahani ya nyama. Aseme? Mama angemwonaje? Anyamaze? Na bibi je? Aliomba sahani ianguke yenyewe, au umeme ukatike, au bibi aseme ameshiba. Bibi alichukua kipande, akakipeleka mdomoni.

"Bibi, usile!" Chiriku alimshika mkono. "Sikulichemsha! Nilidanganya! Bibi, nisamehe, usife!"

Kipande kilianguka mezani. Mama aliinuka haraka. Kisha alimwaga rojo lote, akaosha brashi, kisu na sahani kwa sabuni na maji ya moto. Nyama ikarudi ovenini mpaka mafuta yakachemka na moto ukapenya hadi ndani.

Chiriku alilia kwa kwikwi, uso mezani.

"Njoo hapa," bibi alimwita. "Nimengoja wiki tatu, nitashindwa na nusu saa? Ulikosea kwa uvivu, ukaongeza uongo. Aibu uliyoiogopa imekutoa machozi tu. Uongo wako ungenirudisha hospitali, pengine nisitoke. Mjukuu wangu, nyama iliyoharibiwa tumeweza kuirudisha motoni. Mtu aliyekwisha kula, ungemrudisha wapi?"

Mama alitoa nyama ikifuka moshi, akaipaka asali mpya. Bibi alikula vipande viwili, polepole, akiwa amemshika Chiriku mkono.