Kahawa Inayokufa Imesimama

Kila asubuhi Kasonia alikwenda kuangalia kahawa yake kabla hata ya kunawa uso. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na Mbau. Mke wake, Solange, alitandaza mikeka uani. Binti yao, Abigaïl, alichuma matunda mekundu na kuacha yale mabichi. Kisha waliyaanika na kuyageuzageuza, mpaka punje zikalia ndani ya maganda. Kazi hiyo iliwalisha hata katika miaka ile ya vita.

Halafu kahawa ikaanza kufa. Majani yaligeuka manjano upande mmoja wa mti, yakaanguka. Kisha upande wa pili. Mti ulibaki umesimama uchi, na matunda meusi yamekaukia juu yake. Leo mti huu, baadaye jirani yake, kama vile mtu anapita akiigusa kwa kidole. Hakuna aliyeona mdudu. Ukungu ulipokaa shambani, Solange hakutaka kuingia peke yake. Alisema hata ndege hawalii tena mle.

Nyumbani alikuwapo pia bibi mmoja, Koko Mariette, shangazi yake Solange. Alikuwa mjane. Alikuwa amekimbia mapigano upande wa Oicha, akafika na kitenge kimoja. Bahati mbaya, alifika msimu uleule miti ilipoanza kukauka. Tena hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi watu walimwona katika ukungu, mzigo wa kuni kichwani, akipita polepole kati ya miti iliyokufa. Wakaanza kunong'ona.

Abigaïl alipenda kuchora. Shuleni mwalimu aliwafundisha kukitazama kitu vizuri kabla ya kukichora. Baba yake hakupendezwa hata kidogo.

"Wakati wa vita, batoto banafundishwa kuchora?" alisema Kasonia. "Kwenye mukutano ya bazazi nitasema baondoe hiyo somo ya dessin. Picha haijazi sufuria."

Abigaïl alichora tu. Alichora kwa makaa, kwenye ukuta wa jikoni uliopakwa udongo mweupe. Alichora shamba lote. Kila mti uliokauka aliupaka weusi. Alichora na njia, na juu ya njia akamweka Koko na kuni zake.

Siku moja Kasonia aliinama kuingia jikoni. Akautazama ukuta, akasimama palepale. Miti myeusi ilifuata njia ya Koko Mariette, kutoka bondeni mpaka mlangoni. Mbali na njia ile, miti yote ilikuwa mizima. Mwili ulimsisimka.

"Solange, kuya uone. Kila fasi anapita, kahawa inakufa."

"Papa Abigaïl, ule ni shangazi yangu."

"Basi ni yeye. Kesho arudie kwao."

"Kwa nani? Kule hakuna mutu. Na mu njia kuko basoda na bunduki zao. Unamutuma kwenda kufa."

Kasonia aliusogelea ukuta. Alifuta sura ya Koko ukutani kwa kiganja chake. Walipogeuka, Koko Mariette alikuwa mlangoni na mzigo wake kichwani. Alikuwa amesikia yote. Alitua kuni chini, akaenda kukunja kitenge chake.

Abigaïl aliposikia, aliona uchungu usio na kifani. Alikimbia hadi kwa Maliro, agronome aliyewashauri wakulima wa pale.

"Banataka kufukuza Koko juu ya picha yangu," alimwambia. "Kuya uiangalie, tafazali."

Maliro alikuja. Aliutazama ukuta muda mrefu, akaifuata njia kwa kidole, kisha akazigeukia kuni za mlangoni.

"Mutoto aliona vizuri," alisema mwishowe. "Lakini ninyi mulisoma vibaya. Hizi kuni zinatoka wapi?"

"Ni miti yangu yenye kukauka," alisema Kasonia. "Mimi ninakata, Koko anabeba."

"Na panga?"

"Ni hii moja tu. Nikimaliza kukata, ninapunguza matawi ya ile mizima iko karibu."

Maliro alichukua panga, akakwangua gome la kuni moja. Chini ya gome mti ulikuwa na rangi ya bluu na nyeusi, kama damu iliyovilia. Solange alirudi nyuma.

"Hapana ogopa, haiko bulozi," alisema Maliro. "Ni ugonjwa ya kahawa. Ni kuvu, kitu kidogo sana, macho haiwezi kuiona. Inaingia fasi muti uko na kidonda. Panga yako inaipeleka. Kuni nazo zinaiangusha mu njia."

"Dawa iko?"

"Ya kunyunyizia, hapana. Ukiona muti unageuka manjano, ng'oa na mizizi yake yote, uchome palepale. Hapana beba hata kijiti. Panga, pitisha ku moto kwanza, mbele ya kugusa muti ingine. Na pale ulichoma, hapana panda kahawa mbio. Panda maharagi kwanza."

Kasonia alikwenda chumbani. Koko Mariette alikuwa ameketi na furushi lake mapajani.

"Koko, fungua mizigo," alisema. "Ni mimi nilikubebesha ugonjwa, tena nikakufukuza. Unisamehe."

Koko alifungua fundo.

Waling'oa miti migonjwa, wakaichoma pale pale ilipokuwa. Moshi ulisimama katika ukungu, na kwa siku kadhaa hakuna aliyependa kuutazama. Miti michache zaidi ilikauka. Halafu ugonjwa ukatulia.

Kwenye mkutano wa wazazi Kasonia alisimama.

"Dessin ibakie," alisema. "Inafundisha batoto kuona. Sisi bakubwa tujifunze kuuliza kwanza, mbele ya kusema mutu fulani ni mubaya."

Mvua ziliporudi, kahawa iliyobaki ilichanua maua meupe. Abigaïl alipaka ukuta udongo mpya, akachora shamba upya. Koko Mariette alikuja kuangalia.

"Na mimi niko wapi?" aliuliza.

Kasonia alichukua makaa mkononi mwa binti yake. Alichora mtu pale pale alipomfuta Koko. Kichwa kilikuwa kikubwa mno, miguu imepinda. Koko aliinamia ukuta, akamtazama yule mtu.

"Kichwani hapana kitu," alisema.

"Ndiyo, Koko. Sasa kuni za pori ninabeba mimi."