Mtandao Ulikamata kwa Levina

"Theodosia, umekata tena! Unanisikia?"

Kusikia alikuwa anasikia. Yeye ndiye aliyekuwa hasikiki. Kwenye kioo cha kompyuta, uso wa Bi Mwanamkasi, msimamizi wake aliyekuwa Dar es Salaam, uliganda mdomo wazi, kisha ukapotea kabisa. Ujumbe ukaingia kwenye simu:

"Huu ni usaili wa mwisho wa ajira ya kudumu. Nakupigia tena sasa hivi. Ukikata, nafasi anapewa mwenzako."

Theodosia akashika kichwa. Kipindi chote cha majaribio alikuwa akipokea simu za wateja wa kampuni hiyo kutoka chumba cha nyuma cha nyumba yao hapa Ifakara. Wateja walimpenda, ila mtandao ulimuaibisha. Na si kwamba hakuhangaika. Aliagiza ruta nzuri, ile ya kuweka laini, na kila mwezi alilipia yeye. Mumewe Evarist akajitolea kuitafutia mahali pazuri. Alipanda nayo darini, akashuka na vumbi kichwani.

"Nimeiweka juu kabisa, mke wangu. Huko ndiko mnara unakamata. Wewe usipande, kuna nyaya za umeme."

Tangu siku hiyo mtandao ukawa wa kuombea dua. Evarist akasema ni mvua. Mvua ikaisha, akasema ni mabati. Mwanaume akiamua kudanganya hakosi cha kusingizia, hata bati litasingiziwa.

Theodosia akamkumbuka Levina. Huyu alikuwa mdogo wake, mtoto wa mama yake mdogo, amepanga nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta. Levina aliuza vitenge mtandaoni kwa laivu, na picha yake haikuwahi kukwama. "Ni bando langu tu, dada," alisema kila alipoulizwa. Evarist alizoea kumwita "mke mdogo", utani wa shemeji, naye Levina akimwona anapita anaita, "Mume wetu, umetuletea nini?" Majirani walicheka. Theodosia ndiye aliyecheka zaidi.

Akabeba kompyuta na simu, mbio.

"Hodi, hodi! Levina, niokoe mdogo wangu!"

Hakusubiri kukaribishwa. Levina, kanga kifuani, aliruka kutoka kwenye kochi.

"Dada! Shikamoo. Mbona ghafla hivyo?"

"Marahaba. Niunganishe kwenye simu yako, nina usaili."

"Bando limeisha, dada. Nenda kwa mama Ilham pale dukani, kwake mtandao uko vizuri sana."

Theodosia alikuwa ameshafungua kompyuta mezani. Ilijiunga yenyewe, paswedi haikuuliza. Jina likajitokeza: Nyumbani kwa Theo. Mistari yote ilikuwa imejaa.

Akainua macho. Juu ya kabati la vyombo ilikaa ruta yake, taa zinawaka kijani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba ni ya mwenye nyumba.

"Levina, hii imefikaje hapa?"

Kabla Levina hajapata uongo wa kutosha, kompyuta ikalia. Bi Mwanamkasi huyo. Theodosia akapokea. Safari hii uso haukuganda.

"Aa! Leo nakuona hadi nyusi. Haya, haraka. Mteja amekupigia, anakutukana. Unafanyaje?"

"Namwacha amalize. Kisha namuomba radhi, namuuliza..."

Pazia la chumbani likafunguka. Evarist, aliyeaga asubuhi kwamba anaenda Kiberege kuangalia mpunga, akatoka kifua wazi, kanga ya Levina kiunoni, macho bado yamejaa usingizi, anajikuna tumbo.

"Mke mdogo, mbona laivu huanzi? Anza bwana, uvute mtandao wote, usaili umshinde dada yako."

"Theodosia," Bi Mwanamkasi akasema taratibu, "huyo baba hapo nyuma yako ni nani?"

Machozi yalikuwa yameshafika. Theodosia akayafuta kwa kiganja, akakaa wima.

"Ni mume wetu, Bi Mwanamkasi. Swali linalofuata tafadhali."

Akajibu yote. Alijibu la mteja aliyepoteza namba ya siri, la mteja mzee asiyejua kusoma, la mteja anayelia. Evarist alisimama kama aliyepigiliwa misumari, anaogopa hata kukohoa, kwa sababu kila pumzi yake ilisikika Dar. Kile chumba cha nyuma hakikuwahi kumpa Theodosia mtandao safi namna ile.

Simu ilipokatwa, akamgeukia mdogo wake kwanza.

"Levina. Mimi ndiye niliyekutafutia nyumba hii."

"Dada, usinitazame hivyo. Tulikuwa tunasema mbele yako, na wewe ulikuwa unacheka."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kanga ile kiunoni mwa Evarist.

"Mke wangu, nisikilize," Evarist akapata sauti. "Hili la ruta nililifanya kwa ajili ya ndoa. Ukishaajiriwa na watu wa Dar, mimi utanisikiliza tena?"

"Kwa hiyo ulitaka nikose."

"Nilitaka utulie nyumbani."

"Nilikuwa nyumbani, Evarist! Kazi yenyewe ni ya nyumbani!"

Simu ikatikisika mezani. Theodosia akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Umejibu vizuri kuliko wote. Lakini kazi hii inahitaji nyumba tulivu, na tuliyoyaona leo hatuwezi kuwasikilizisha wateja. Nafasi amepewa mwenzako. Pole."

Evarist akashusha pumzi. Ndefu, ya mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Hata tabasamu lilitaka kumtoka.

"Basi, mke wangu, yameisha. Sababu ya kugombana haipo tena. Twende nyumbani ukapike, tuyazungumze."

Theodosia alimtazama mpaka tabasamu lile likafa.

"Kulala huku, labda siku moja ningekusamehe," akasema. "Hiyo pumzi uliyoshusha sasa hivi, sikusamehe mpaka nazikwa."

Akachomoa ruta, akakitupa kitambaa cha kufuma sakafuni, akaikumbatia pamoja na kompyuta na kutoka. Barabarani akasimamisha bodaboda.

"Michenga, kwa mama yangu."

Nyuma yake, dirisha la Levina lilikuwa wazi, na sauti ilitoka yote.

"Levina, mpenzi, angalau sasa tuko huru..."

"Huru nini? Wateja wangu wananisubiri hewani! Vaa suruali yako, Evarist, ukanitafutie mtandao, na usipoupata usirudi hapa."