Zamu ya Besi

Simu ilitetemeka mezani, pembeni ya sahani ya kuku wa kukaanga.

"Usikae mbele. Nikikuona nitakosea. Lamont."

"Kakosee huko huko Copenhagen," Vernetta alimjibu kwa vidole vyenye mafuta, akabaki pale pale mbele.

Alikuja kwa ajili ya baba yake. Mzee Roscoe Tisdale, saksafoni inayojulikana Harlem nzima, alikuwa anarekodi albamu ukumbini Jumapili ile mchana, mbele ya watu. Bahati mbaya, mpiga besi wake alikuwa Lamont. Wakati wa Krismasi Lamont alimposa Vernetta, akakataliwa. Kwa hasira akakubali kazi ng'ambo, huko Copenhagen. Safari ilikuwa Jumanne.

Mzee alisogelea maikrofoni.

"Nyie wapya, sheria yangu ni moja. Hakuna kukata kitu kwenye rekodi. Kilichopigwa kimepigwa!"

Jazi ya bebop ikaanza kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na mbwa. Saksafoni ilipolia, ukumbi wote ulinyamaza. Kisha ikaja zamu ya besi. Sasa wapenzi wa jazi wana ugonjwa mmoja usio na dawa: besi ikibaki peke yake, ndipo wanapokumbuka kuulizana habari za nyumbani.

"Kwa hiyo unamwacha aende?" mama yake, Bernice, aliuliza.

"Mama, sitaki kusubiri mwanamuziki dirishani kama wewe."

"Nani alikuwa anamsubiri baba yako? Mimi nilikuwa naangalia vituko vya majirani!"

Vernetta alimkodolea macho. Maisha yake yote alikuwa amemwonea huruma mama huyu.

"Mama! Nampenda yule mtu mpaka najichukia. Akiniuliza tena leo, nakubali kabla hajamaliza swali. Ila kumwomba, siombi!"

Juu ya kichwa chake maikrofoni ilikuwa inaning'inia, wala hakuiona.

Wakati wa mapumziko baba yake alimwita jikoni, ilikofungwa mitambo ya kurekodia.

"Vaa hizi masikioni, binti yangu."

Vernetta akaisikia sauti yake mwenyewe, neno kwa neno, juu ya besi.

"Baba, futa!"

"Sijakata hata noti zangu mbovu, nije nikate yako iliyo nzuri?"

"Baba, nitakufa kwa aibu!"

"Utakufa umeolewa."

Mlango ukafunguliwa. Lamont.

"Mzee, zamu yangu imetokaje?"

Mzee alimvisha zile za masikioni. Lamont akasikiliza, akakunja uso.

"Wameongea tena! Kila siku nikipiga mimi, watu..."

Ghafla akaitambua sauti. Alipogeuka, Vernetta alishatimua mbio hadi mezani, akajificha nyuma ya kofia ya mama yake.

"Unakimbia nini?"

"Mama, kasikia yote!"

"Afadhali. Niachie kofia yangu."

Kipindi cha pili kikaanza. Wimbo ule ule, mbwa yule yule. Zamu ya besi ilipofika, watu wakaanza soga zao kama kawaida. Lamont akaacha kupiga.

Ukumbi ukashtuka, ukanyamaza. Mpiga ngoma alibaki na vijiti hewani. Lamont aliinamia maikrofoni, jasho likimtoka.

"Vernetta, uta..."

"Ndiyo!"

Alikuwa amesimama, mkono mmoja bado umeshika paja la kuku. Alikuwa analia na kucheka. Watu walipiga kelele mpaka glasi zikagongana.

Fundi wa kurekodi alitoa kichwa jikoni.

"Mzee, turudie? Besi imekatika katikati!"

"Rudia na nani? Hakuna kukata!"

Jumanne Lamont aliondoka peke yake. Mwezi wa sita akarudi, wakafunga ndoa, wakaenda wote. Albamu ilitoka hivyo hivyo. Ukiisikiliza, besi inanyamaza ghafla, inasikika nusu ya swali, jibu zima, kisha sauti ya Bernice ikisema:

"Haya, sasa mwacheni kijana apige besi yake."