Muuguzaji wa Rwezaura

Kompyuta ilikohoa. Joviana, karani wa zahanati moja huko Kanoni, aligeuka akidhani kuna mgonjwa mlangoni. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Hapakuwa na mtu. Kioo cheusi tu, na kijitaa cha kijani kinachofifia na kurudi, taratibu, kama pumzi za aliyelala.

Mwaka ule wa 1996 umeme wao ulikuwa wa jua, na betri ilitakiwa itunzwe kwa ajili ya friji ya chanjo. Ndiyo maana mganga mfawidhi, mzee Cassian, alikuwa na wimbo mmoja tu: "Ukiinuka usiiache inakula umeme. Ilaze." Alimaanisha kuiacha isinzie bila kuizima.

Joviana hakulipenda neno hilo. Kiti alichokalia kilikuwa cha Rwezaura, karani aliyemtangulia, aliyelazwa hapohapo wodini na kikohozi na kidonda kisichopona, akafa bila wa kumuuguza, kwa kuwa ndugu zake wote walikuwa mbali, Muleba. Jioni ya mwisho alimshika Joviana mkono. "Dada, kaa nami hadi asubuhi." Joviana akamjibu kwamba ana mtoto ananyonya, akaenda zake. Lilikuwa jibu la kweli, na bado lilimchoma.

Aliiamsha kompyuta. Harufu ya kidonda kilichooza ikajaa chumbani. Rejesta ya wodi ilikuwa imejifungua yenyewe: MGONJWA: Rwezaura. AMELAZWA. MUUGUZAJI: Mukakalisa.

Mukakalisa ndiye aliyekuwa akifagia zahanati. Alipoonyeshwa jina lake, ufagio ulimponyoka.

"Mama Kokushubira we, huyu hajaondoka," alinong'ona. "Kila siku mnamlaza. Na mgonjwa halazwi bila mtu wake."

Siku ya tatu Mukakalisa alikutwa kitandani kwake amekufa, mwili umepoa, mkono ameunyoosha kama aliyeshikwa na mtu.

Mzee Cassian alisema ni malaria, lakini hakuingia tena ofisini. Joviana akaizima kabisa mashine ile, akang'oa na waya. Kesho yake, saa nane, kijitaa kilikuwa kinapumua, na mahali pa muuguzaji palikuwa na jina jipya: Kokushubira.

Binti yake. Miezi minane tu.

Alilifuta, likarudi, akalifuta tena huku ile harufu ikizidi, likarudi, na kila liliporudi kikohozi kilisogea, kutoka mezani hadi begani, kutoka begani hadi shingoni, mpaka akaisikia pumzi ya baridi nyuma ya sikio lake na sauti aliyoijua vizuri ikimwita, dada, dada, dada.

"Nakuja mimi," alisema akilia. "Nisamehe, Rwezaura. Niachie mwanangu, nakuja mimi."

Akaandika: Joviana. Jina likakaa. Kikohozi kikanyamaza. Aliilaza kompyuta, akajifuta uso, akajiambia mtoto atalelewa na bibi yake. Alipofika mlangoni kioo kikawaka. Chini ya jina lake paliongezwa maneno ambayo yeye mwenyewe aliwaandikia akina mama wote wanaonyonyesha waliokuja kuuguza pale: Na mtoto wake, ananyonya.

Alikimbia kwa kukatiza migombani, kanga ikachanika, maziwa yakimlowesha kifua. Mama mkwe wake, Adelgunda, alikuwa barazani anamenya ndizi.

"Shikamoo mama. Mtoto?"

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?" Adelgunda akatabasamu. "Leo hakunisumbua hata kidogo. Amelala tangu saa nane."