Mkono Alioukalia Serwaa

Kila akitoka shule, Serwaa alikula ndizi za kukaanga alizoachiwa na bibi yake, Nana, kisha akaketi kwenye kompyuta ya Mama. Mama alikuwa fundi wa mabango ya misiba, yale yenye picha ya marehemu, pale Kumasi. Safari hii marehemu alikuwa Babu, mume wa Nana, naye Serwaa aliomba alitengeneze yeye bango lake.

"Haya," Mama alikubali. "Lakini likiharibika, nalichukua."

Serwaa alikuwa wa shoto. Lakini tangu utotoni Nana alimfunza kutompa mtu kitu kwa mkono wa kushoto, hivyo mbele ya Nana aliuficha kabisa. Kipanya cha kompyuta akakishika kwa mkono wa kulia, wa kushoto akaukalia. Kilikuwa kikubwa, kimepindwa kufuata kiganja cha kulia cha mtu mzima, na baada ya muda kifundo cha mkono kilimuuma sana.

Nana akachungulia picha ya Babu kwenye kioo cha kompyuta. "We mtoto, mbona umemkata mume wangu sikio?"

Machozi yakamlengalenga Serwaa. "Mkono unauma, Nana. Mama atanipokonya kazi, na mimi nampenda Babu."

"Na huo mwingine unaukalia wa nini?"

"Wa kushoto huu, Nana. Si adabu."

Nana alicheka mpaka akashika meza. "Kwani hapo unampa nani kitu? Inuka twende sokoni."

Huko, muuzaji wa vifaa vya kompyuta akawaonyesha kipanya cha bei kubwa kinachowakawaka taa.

"Taa za nini, mwanangu? Tunatafuta cha kushika," Nana akamwambia.

Serwaa alijaribu kimoja baada ya kingine. Kimoja kilimtanua vidole, kingine kilikuwa kidogo mno hata vidole vikajikunja. Mwisho akapata cha kawaida, kisichopinda upande wowote, kikatulia kwenye kiganja chake cha kushoto. Nyumbani Mama akambadilishia kazi za vitufe viwili vya kipanya vifuate mkono wa kushoto, akapandisha kiti, na sikio la Babu likarudi mahali pake.

"Adabu ni kwa watu, mjukuu wangu," Nana alisema. "Chombo ndicho kikufuate wewe. Na mwili ukiuma, usinyamaze kwa kuniogopa mimi."

Bango lilipotoka, Serwaa alimpa Nana kwa mkono wa kulia. Nana akaliweka kando, akaushika ule wa kushoto, akaubusu.